Noki Amepiga Chafya

Mara ya kwanza nilidhani ni vumbi la jiko.
Mara ya pili nikazima redio.
Ya tatu akanitazama, macho yana tongotongo,
kama mtu anayedai deni
asilotaka kulitaja mbele za watu.

Siku ya sita hii nimelala, kifua kinakoroma
kama mashine namba mbili ya kile kiwanda cha karatasi
walichokifunga mwaka niliostaafu.
Nje ni Februari ya Oulu,
nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Jirani Veikko huniachia supu ya samaki mlangoni,
hugonga mara mbili, kisha hukimbia,
mzee wa miaka sabini na tisa, anakimbia!
Binti yangu Aune hupiga simu kutoka Turku:
"Baba, usimguse mtu yeyote."
Sikumgusa mtu.

Paka si mtu.
Ndivyo nilivyojiambia usiku, naye yu kifuani pangu
amejikunja ndani ya sweta ya marehemu Sylvi,
pua yake kwenye kidevu changu,
tunagawana pumzi kama wavutaji wawili
na sigara ya mwisho.
Nikikohoa, anapanda na kushuka.
Anakaza kucha. Haondoki.

Nikampigia daktari wa mifugo.
(Mifugo! Noki hana maziwa, hana nyama,
hajakamata hata panya wa maana.)
Nikauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia jambo la rafiki:
hivi, mtu aweza kumwambukiza paka?

Daktari Irmeli hakucheka.
Alisema hutokea. Si kila mara, wala si kila kirusi;
vingine vina adabu, hukaa kwa jamaa zao,
vingine huingia bila kupiga hodi.
Paka, ndiyo. Mbwa, mara mojamoja.
Vicheche wa kufugwa ndio usiseme,
hushika mafua yetu kama watoto wa chekechea.
Wengi hupona. Mpe maji, mpanguse pua,
vaa barakoa, usimbusu, usilale naye.
Akishindwa kula au kuhema, mlete.
"Kuna mwingine wa kumlisha?"
Nikatazama chumba, kiti cha Sylvi, dirisha lenye barafu.
"Yupo," nikasema.

Miaka yote tumefundishwa kuwaogopa wao:
popo, panya, nguruwe, bata wa bwawani.
Nani aliwahi kumwonya panya juu yetu?
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo ni mimi, Noki.
Nguo ni mimi.

Nikamhamishia jikoni na bakuli lake,
nikamtandikia ile sweta.
Nilipokwisha kufunga mlango ndipo nikakumbuka
kwamba wiki nzima nimeikoholea.

Miaka minne sijaifua.
Kwapani ilikuwa bado na yeye kidogo,
ile sabuni yake ya lami, na kitunguu,
na kitu kingine kisicho na jina dukani.
Noki alijua. Ndiyo maana alilala humo.
Ndiyo maana, labda, alilala nami.
Nikaiingiza kwenye mashine, nyuzi sitini,
nikakaa sakafuni kutazama kioo cha duara
sufu ikizunguka, ikizunguka,
ikitoka ndogo ya mtoto.

Siku mbili alikwangua mlango.
Nilimpelekea samaki wa Veikko, uso nusu, mikono ya mpira,
akaninusa vidole, akarudi nyuma
kama nimekuja kusoma mita ya umeme.

Usiku wa tatu hakukwangua.
Nikainuka, nikaweka sikio kwenye ubao.
Friji ilinguruma, ikanyamaza.
Nikahesabu. Nilifika arobaini na moja.

Kisha, chini kabisa, karibu na kizingiti,
chafya moja ndogo, kavu, yenye hasira,
na bakuli likaburutwa kwa kudai chakula.

"Afya," nikamwambia kupitia tundu la ufunguo,
barakoa imelowa hadi kidevuni.
"Afya, mama. Afya."